Sahani Hudumu, Nguo Huoza: Kusoma Biashara ya Asia Kisarawe na Kibaha

Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yamewazoesha watafiti vibaya. Nguzo hizo, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure ya China yaliyopachikwa kwenye chokaa. Mtu akishayaona hayo, kichwani anabaki na kipimo kimoja: penye kaure palikuwa na biashara ya Asia, pasipo na kaure hapakuwa nayo. Kisha anapanda milima ya Pugu, anaingia Kisarawe, anakata hadi Kibaha na bonde la Ruvu, anakuta vigae vya kigeni ni adimu kuliko vya pwani. Anaandika kwamba huku nyuma ya pwani ya Mrima biashara ile haikufika.

Kipimo hicho kina kasoro, na kuiona ni rahisi zaidi tukianzia Uswidi.

Kampuni ya Uswidi ya Uhindi Mashariki iliundwa mwaka 1731, makao yake Gothenburg, ikafa mwaka 1813 baada ya safari 132. Karibu zote zilikwenda Canton, China. Anayeitafiti anakumbana na kikwazo cha ajabu: kampuni ilikuwa na mazoea ya kuchoma vitabu vyake vya hesabu, kwa sababu baadhi ya wenye mitaji walikuwa wageni ambao nchi zao ziliwakataza biashara hiyo. Kwa hiyo wanahistoria hukizunguka. Husoma orodha za minada ya Gothenburg, shajara za merikebu, barua za wafanyabiashara, na kwa biashara ya ukanda mzima, daftari za ushuru wa mlango wa bahari wa Øresund, ambazo Denmark iliziandika tangu 1497 hadi 1857. Karatasi hizo zinasema jambo moja bila kuyumba: mzigo ulioleta fedha ulikuwa chai. Kaure ilipakiwa chini kabisa, kwenye tumbo la merikebu, kwa kuwa ni nzito na haidhuriki ikilowa. Ilikuwa uzito wa kuituliza merikebu, na faida yake ilikuwa ya nyongeza.

Septemba 12, 1745, merikebu Götheborg iligonga mwamba mbele ya bandari ya nyumbani, ikitoka China. Wazamiaji walipoichimba kwa utaratibu kuanzia 1986, tabaka la chai walilikuta, lakini kilichotoka kwa wingi kilikuwa vigae vya kaure. Tungekuwa hatuna karatasi hata moja, tungeandika leo kwamba Waswidi walizunguka nusu ya dunia kufuata sahani.

Hapo ndipo thamani ya kisa cha Skandinavia ilipo kwa mtu wa Kisarawe. Meli zao hazikuwa na shughuli na Mrima. Ila wao wanajua kilichopakiwa na wanajua kilichobaki kwenye tope, nasi mara nyingi tunacho cha pili tu.

Sasa tuulize kilichopita njia hizi. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walianzia Kaole, wakafuata bonde la mto Kingani, ambao ndio Ruvu, wakikatiza Uzaramo, nchi ya Wazaramo. Mizigo aliyoieleza Burton kuwa ndiyo fedha ya njiani ilikuwa ya aina tatu: nguo, shanga na nyaya za shaba. Sahani haimo. Kabla ya merikani, nguo ya pamba kutoka Marekani, kutawala soko, nguo hizo zilitoka India, kaniki ikiwa mojawapo. Uzaramo nayo ilikuwa na cha kuzilipia, hasa utomvu wa sandarusi uliochimbwa ardhini na kushushwa pwani. Nguo ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu na mchwa wa Kisarawe haibaki hata uzi. Shaba huyeyushwa ikawa kitu kingine. Zinabaki shanga, na hapo kazi ya mtafiti inategemea chekeche.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua matokeo. Shanga nyingi za kioo za biashara ya Bahari ya Hindi zina kipenyo cha milimita mbili hadi nne. Chekeche yenye matundu ya milimita tano inazipitisha zote, zinaishia kwenye lundo la udongo wa kutupwa, na ripoti inaandika "hazikupatikana". Ninaposoma ripoti ya uchimbaji, huanza na ukurasa unaotaja ukubwa wa matundu. Usipokuwapo, siuamini mstari wowote unaosema kitu fulani hakikuwapo.

Shanga ikishapatikana, rangi na umbo havitoshi kuijulisha ilikotoka. Maabara huichoma kwa mwale wa leza unaoacha tundu lisiloonekana kwa macho, na kupima madini ya kioo chake. Kioo chenye alumina nyingi na soda ya madini huelekeza India. Kazi kubwa ya namna hii kwa Afrika Mashariki na Kusini ni tasnifu ya Marilee Wood, iliyotolewa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, mwaka 2012. Uppsala hiyohiyo ndiyo iliyochapisha mwaka 1994 kitabu cha mwanaakiolojia Felix Chami kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza. Chami alikuwa ameanza na Limbo, mahali pa wafua chuma wa kale katika iliyokuwa wilaya ya Kisarawe, akaonyesha kwamba watu wa pwani hawakuwa wale wa bandarini peke yao.

Kaure nayo isidharauliwe. Ila isomwe kwa kitako. Ukingo wa bakuli unafanana na ukingo mwingine, lakini kitako kina duara lake la chini, na chembe za mchanga zilizoganda hapo huashiria tanuri za Zhangzhou za mwishoni mwa karne ya 16 na karne ya 17. Mahali palipovunjika, kaure halisi, iliyochomwa kwa nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, hainati kwenye ulimi. Chombo cha udongo laini hunata. (Mafundi wa zamani hupima hivyo, ila kioshe kwanza.) Na si kila kigae cheupe chenye bluu ni cha China: katika karne ya 19 mabakuli ya viwanda vya Maastricht, Uholanzi, yalienea mwambao mzima. Hata kikiwa cha China, kinasema kilipotengenezwa na lini, hakisemi kilivunjika lini. Bakuli la babu huweza kuwekwa kwenye kaburi la mjukuu. Kinachonichekesha ni kwamba udongo mweupe wa kaolini, ambao ndio mwili wa kaure, umejaa Pugu, njia ya kwenda Kisarawe.

Msimamo wangu ni kwamba hadi sasa uhaba wa vigae huku ni taarifa kuhusu sahani tu. Hauwezi kutumika kukanusha biashara ya nguo na shanga mpaka udongo uchekechwe kwa matundu ya milimita mbili au chini ya hapo, na sampuli zake zihifadhiwe.

Muda nao unabana. Kibaha inapimwa viwanja na kujengwa viwanda, Kisarawe mashamba yanageuka makazi. Ukichimba msingi ukakuta vigae, shanga au mavi ya chuma, usivikusanye kwenye ndoo. Piga picha vikiwa palepale, andika mahali, na toa taarifa kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako au Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na haibagui kizima na kilichovunjika.