"Lenzi Pana" na "Kilimo cha Mashimo": Uhakiki wa Istilahi Mbili

Istilahi hupimwa kwa mambo mengi. Huulizwa kama ni fupi, kama yatamkika kwa urahisi, kama yakubaliana na sarufi, na kama neno lenyewe halijatwaliwa na maana nyingine. Maswali hayo ni ya haki, wala hatuna nia ya kuyapuuza. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu husahauliwa: mtu asiyeijua kazi, akiisikia istilahi hiyo kwa mara ya kwanza, atafanya nini? Makala haya yana nia ya kuihakiki kwa swali hilo istilahi moja ya upigaji picha, yaani "lenzi pana". Mfano wetu tutautoa Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa sababu huko istilahi hiyo hukutana na nyingine yenye kasoro ya namna ile ile, yaani "kilimo cha mashimo".

Chombo chenyewe

Kwanza yafaa tukieleze chombo. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, kila picha huwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Lenzi iliyozoeleka kuitwa ya kawaida ina umbali wa fokasi wa milimita 50, na pembe yake ya mwono, ikipimwa toka kona hadi kona ya picha, ni kama nyuzi 46. Umbali wa fokasi ukipungua, pembe huongezeka: lenzi ya milimita 28 huona nyuzi 75, ya milimita 24 nyuzi 84, na ya milimita 20 nyuzi 94. Hizi tatu za mwisho ndizo wapiga picha wetu wanazoziita "lenzi pana". Na wengine, kwa kuchoka kutafuta, husema "waidi" tu.

Asidhani mtu kwamba jambo hili lawahusu wenye studio peke yao. Kamera kuu ya simu nyingi za mkononi za siku hizi ina pembe ya mwono inayokaribia ile ya lenzi ya milimita 24 hadi 28. Kwa hiyo ofisa ugani, mwalimu wa jiografia na mtendaji wa kijiji, kila mmoja anatembea na lenzi ya namna hii mfukoni, ajue asijue. Picha zinazoingia katika taarifa za serikali na katika vitabu vya shule zinapigwa kwa lenzi hii, na watu ambao hawajapata kufundishwa namna ya kuitumia.

Kasoro ya "pana"

Katika Kiswahili upana ni sifa ya kitu chenyewe. Tukisema mlango mpana, ni mlango wenyewe ulio mpana. Tukisema kitambaa kipana, ndivyo hivyo. Basi lenzi pana ingekuwa lenzi yenye kioo kipana. Lakini lenzi hizi aghalabu ni ndogo, na lenzi zenye vioo vikubwa mno ni zile za kutazamia mbali, ambazo pembe yake ni finyu. Kwa maana ya maneno yake, istilahi hii yaielekea zaidi lenzi iliyo kinyume cha hii tunayoizungumzia.

Hata hivyo, kosa hilo ni dogo. Msomaji mwenye busara atalivuka. Kosa kubwa ni lile la pili. Mwanafunzi akiisikia "lenzi pana" huelewa kwamba ni chombo cha kuchukua vitu vingi kwa mara moja. Kwa hiyo hufanya lile ambalo jina limemtuma kufanya: hurudi nyuma, hupanda mahali pa juu, huelekeza kamera kwenye bonde zima, akapiga. Picha itokayo huwa na kila kitu, wala haina kitu. Mlima umekuwa kichuguu, watu wamekuwa nukta, na nusu ya picha ni mbingu tupu. Mwanafunzi huilaumu kamera, au hujilaumu mwenyewe, na kumbe mwenye lawama ni neno.

Mfano wa ngoro

Tuchukue mfano wa mwalimu wa jiografia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa mkoa mwingine kilimo cha Wamatengo katika miinuko ya Mbinga. Kilimo hicho huitwa ngoro. Karibu na mwisho wa mvua nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke, kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikizwa juu ya zile nyasi. Hapo hutokea matuta yaliyoungana pande zote nne, na katikati yake shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu ufuatao mahindi. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Mvua ishukapo, maji hukamatwa na mashimo, hayapati nguvu ya kuteremka na kuuchukua udongo. Aghalabu wanaume ndio wafyekao na kupanga nyasi, na wanawake ndio wachimbao na kupanda. Ndivyo watu wa miinuko ile walivyoweza kulima miteremko mikali, vizazi kwa vizazi, bila ya kuuacha mlima ukiwa mifupa mitupu.

Watafsiri wengine huandika habari hizi kwa maneno "kilimo cha mashimo". Hatukatai kwamba shimo lipo, tena ndilo linaloonekana upesi. Lakini kwa mkulima wa Umatengo neno ngoro limebeba kazi nzima: nyasi, tuta, shimo na mpango wa mazao. Neno "shimo" halibebi mzigo huo. Zaidi ya hayo, katika sehemu kavu za nchi yetu kuna kilimo ambacho mbegu hupandwa ndani ya shimo, ili maji yakusanyike penye shina. Msomaji wa Dodoma akisoma "kilimo cha mashimo" atafikiri ni kile anachokijua, akaamini kuwa Wamatengo hupanda ndani ya shimo. Ukweli ni kwamba mazao yako juu ya tuta, na shimo limeachiwa maji.

Sasa tumtazame mwalimu wetu akiwa amebeba istilahi zote mbili. "Lenzi pana" imemwambia arudi nyuma achukue mlima mzima; "kilimo cha mashimo" kimemwambia atafute mashimo. Anasimama kwenye kilima cha pili, meta 40 kutoka shambani, na lenzi yake ni ya milimita 24. Hesabu yake ni nyepesi: lenzi hiyo huona upana ulio mara moja na nusu ya umbali, yaani meta 60. Shimo lenye upana wa meta moja na nusu litakuwa sehemu moja ya arobaini ya upana wa picha. Picha ikichapwa kitabuni kwa upana wa sentimeta 12, shimo litakuwa milimita 3. Mwanafunzi ataona mlima wenye madoa, kana kwamba umeugua ndui.

Lakini mwalimu huyo akiteremka, akavuka kijito, akaingia shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba, akachutama meta 2 tu mbele ya ngoro ya kwanza, mambo hubadilika. Kwa umbali huo lenzi ile ile huona upana wa meta 3. Ngoro ya kwanza itachukua nusu ya upana wa picha, sentimeta 6 kitabuni. Nyasi zinazochungulia chini ya udongo zitahesabika, na mche wa haragwe utaonekana uliposimama, juu ya tuta. Ngoro iliyo meta 8 itakuwa sentimeta moja na nusu. Zile za nyuma yake zitaendelea kupungua, safu juu ya safu, hadi ukingo wa mlima. Picha moja imeeleza kitu chenyewe na wingi wake. Hiyo ndiyo kazi ambayo lenzi hii huiweza kuliko nyingine zote. Nayo haipatikani kwa kurudi nyuma bali kwa kusogea.

Isidhaniwe kwamba ni lenzi iliyokuza cha karibu na kupunguza cha mbali. Ukikata sehemu ya katikati ya picha ya milimita 24 na kuilinganisha na picha ya milimita 50 iliyopigwa kutoka mahali pale pale, ukubwa wa vitu ukilinganisha kimoja na kingine ni ule ule. Uhusiano wa cha karibu na cha mbali huamuliwa na mahali mpiga picha aliposimama. Lenzi humruhusu tu kusimama karibu na bado aone pande zote. Kwa hiyo istilahi nzuri ni ile inayotaja pembe, maana pembe ina ncha, na ncha hiyo ni mahali pa kusimama.

"Mbele" ni wapi?

Liko tatizo jingine linalowakabili watafsiri wa vitabu vya upigaji picha. Vitabu vya kigeni hugawa picha katika sehemu tatu, nasi tumezoea kutafsiri "mbele", "kati" na "nyuma". Hebu tusimame katika ufuko wa Mbamba Bay, katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Karibu yetu kuna kichanja cha usipa uliotandazwa juani, halafu mitumbwi, halafu maji ya ziwa hadi upeo wa macho. Mwambie mwanafunzi, "Weka kitu cha maana mbele." Yeye, kwa Kiswahili chake sahihi, atatazama ziwani, kwa kuwa mbele ni kule aendako mtu, na mtumbwi ulio mbele ni ule uliotangulia mbali zaidi. Mwalimu alikusudia kichanja. Hapa mwanafunzi hana kosa. Tunapendekeza yasemwe "sehemu ya karibu", "sehemu ya kati" na "sehemu ya mbali". Maneno haya humpima kila mtu kutoka pale aliposimama.

Upeo wa ziwa wafundisha na jambo la pili. Ziwa halina mteremko. Kwa hiyo kamera ikilala upande, upeo hulala pia, na kosa huonekana mara moja. Milimani hakuna shahidi wa namna hiyo. Mpiga picha akiinamisha kamera upande kidogo, mteremko mkali wa Umatengo huwa kama uwanda. Na akiielekeza chini sawa na uso wa mlima, hupotea kabisa. Taarifa yenye picha hiyo ikifika mezani kwa mtu asiyeijua Mbinga, ataona shamba tambarare lenye mashimo yasiyo na sababu, na huenda akashauri yafukiwe. Picha ya ofisa ni ushahidi, na ushahidi uliopinda ni uongo hata kama aliyeutoa hakukusudia.

Majibu kwa wapinzani

Itasemwa kwamba "pembe" ni neno lenye kazi nyingi: pembe ya ng'ombe, pembe ya nyumba, pembe ya hesabu. Ni kweli, lakini penye neno lenzi hakuna atakayefikiri ng'ombe. Mwalimu wa hesabu naye aweza kuuliza: nyuzi 84 ni pembe kali, yaitwaje pana? Tunajibu kwamba upana hapa ni wa kulinganisha na lenzi ya kawaida, wala si jina la jamii ya pembe. Ndiyo maana hatupendekezi "lenzi ya pembe butu". Nyuzi 84 hazikufika huko.

Itasemwa pia kwamba watu hupenda ufupi, na "lenzi pana" ni fupi. Basi na tufupishe, ila tukate upande usio na kazi. Mpiga picha akimwambia mwenzake "nipe pembe pana", ameacha neno lenzi, ambalo wote wawili wanaliona mkononi, naye amebakiza neno linalofundisha. Aliyesema "lenzi pana" amefanya kinyume: amebakiza linaloonekana, akalitupa lisiloonekana.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza "lenzi ya pembe pana", na mwenzake "lenzi ya pembe finyu" kwa ile ya kutazamia mbali. Istilahi hizi zapaswa kwenda pamoja, ili mwanafunzi ajue kwamba hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Lile jabali la Liuli, ambalo umbo lake liliwafanya Wajerumani waiite bandari ile Sphinxhafen, likipigwa kwa pembe pana kutoka mbali huwa kokoto. Hapo pembe finyu ndiyo yenye haki. Kwa upande wa kilimo, twapendekeza neno "ngoro" liachwe lilivyo katika Kiswahili sanifu, kwa maelezo kamili, wala lisipewe tafsiri ya "shimo".

Aidha, istilahi za kazi za mikono zisitolewe katika orodha kavu ya majina. Kila jina lifuatwe na sentensi moja yenye kitenzi, inayomwambia mtumiaji la kufanya. Kwa istilahi yetu sentensi hiyo ingeweza kuwa hivi: "Lenzi ya pembe pana: lenzi iruhusuyo mpiga picha kukisogelea kitu na bado kuona kilichokizunguka." Lugha yetu yenyewe husema "kupiga" picha; na apigaye husimama karibu na anachokipiga.

Tunawaomba watafsiri, walimu na maofisa ugani, hasa walioko Ruvuma, wazijaribu istilahi hizi kazini na kutoa maoni yao katika kurasa hizi.