Visahani vya Moto vya Katanga: Nani Aliona, Nani Aliulizwa?



Iko karatasi moja ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ya Agosti 1952, ambayo siku hizi yeyote aweza kuisoma. Yaeleza kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya machimbo ya urani katika Kongo ya Wabelgiji, upande wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Watu waliokuwa chini walivitazama kwa dakika 10 hadi 12, wakasikia na mvumo wake. Mkuu wa kiwanja cha ndege, Kamanda Pierre, akapanda ndege ya kivita akavifukuza. Alikaribia kimoja kwa mita 120, akakadiria upana wake kuwa mita 12 hadi 15. Baada ya robo saa vikampotea kuelekea Ziwa Tanganyika, naye akawapa wakubwa wake ripoti.

Wengi wakiisoma husema, "CIA wamethibitisha." Hawakuthibitisha kitu. Na tuipime kwa mizani ya wanazuoni wa Hadithi: kwanza sanadi, yaani nani kapokea kwa nani, kisha matini, yaani maneno yenyewe.

Tukianza na sanadi, habari hii CIA waliitafsiri kutoka gazeti la Die Presse la Vienna, toleo la 29 Machi 1952. Ripoti ya kamanda haimo. Tarehe ya tukio haitajwi, bali husemwa tu kuwa ni hivi karibuni. Karatasi yenyewe imeandikwa kwamba ni habari isiyopimwa. Basi mhuri wa serikali juu ya habari ya gazeti hauifanyi kuwa ushahidi.

Matini nayo ina kasoro. Yasema machimbo hayo yako mashariki ya mto Luapula. Lakini Luapula ndio mpaka, na ng'ambo yake ya mashariki ni Zambia, iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Machimbo ya urani ya Kongo yalikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, magharibi ya mto huo. Msimulizi hakupajua anapopasimulia. Wala si ajabu Wamarekani kuokota kila neno lililohusu mahali hapo, kwani urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Ila iliyo kubwa zaidi ni hii. Rubani ana jina, ana cheo, na amesifiwa kuwa mtu wa kuaminika. Wale watu wa chini, walioona mwanzo, hawana jina hata mmoja. Hatuambiwi walikuwa nani, walikuwa wangapi, wala kama yuko aliyewauliza. Uchunguzi wa askari usiomsikiliza raia aliyeona kwanza ni nusu ya uchunguzi.

Haya yatuhusu nini sisi wa Butimba? Hapa kwetu, usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga ziwani kama mji. Mgeni aweza kuapa kuwa ameona kioja, wala asiwe mwongo: jicho limeona taa, ulimi umeongeza mengine. Huyo hastahili kuchekwa. Astahili kuulizwa: ilikuwa saa ngapi, upande gani, ulikuwa na nani?

Na mkoani kwetu twajua habari isiyopimwa huishia wapi. Vikongwe wangapi wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na mtu akadai ameona jambo usiku? Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuonya kwa ajili ya madhara kama hayo.

Sisemi kwamba Katanga hakukuonekana kitu. Nasema hatujaletewa ushahidi wa kutujulisha kilikuwa nini. Basi akikujia kijana na karatasi hiyo, usimkaripie. Mpe ramani, mwambie autafute mto Luapula.

Wallahu aalam.