Jina Lilelile, Eneo Jingine: Uhakiki wa Violezo vya Usanidi wa Seva kwa Mfano wa Gitega na Muyinga

Zana za kuendesha seva nyingi kwa pamoja, kama vile Puppet (2005) na Ansible (2012), zimejengwa juu ya hoja moja: faili la usanidi lisiandikwe kwa mkono katika kila mashine. Huandikwa kiolezo kimoja chenye nafasi wazi, nazo hujazwa thamani za kila seva. Sifa kuu ya mbinu hii ni ulinganifu. Hata hivyo, ulinganifu huo ni wa umbo, si wa maana, na Burundi inatoa mfano ulio wazi.

Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya nchi hiyo kutoka 18 hadi 5, na uchaguzi wa 2025 ulifuata mgawanyo huo mpya. Muyinga iliacha kuwa mkoa. Pamoja na Cankuzo na Ruyigi, iliingizwa katika mkoa wa Buhumuza. Gitega, makao makuu ya kisiasa, ilibaki na jina lake, lakini mipaka yake ilipanuka na kuijumuisha Karusi.

Ichukuliwe kwamba mfumo wa takwimu una seva moja Gitega na nyingine Muyinga, na kiolezo chake kina nafasi ya jina la mkoa. Orodha ya mikoa ikisharekebishwa, thamani ya Muyinga itakataliwa. Kosa litaonekana na kusahihishwa. Thamani ya Gitega itapita bila swali. Hiyo ndiyo yenye hatari zaidi: takwimu za Gitega ya zamani na za Gitega mpya zitawekwa chini ya jina moja, na mpangaji wa bajeti atadhani watu wameongezeka ilhali kilichosogea ni mpaka.

Hatari huzidi pale kiolezo kinapopewa thamani ya akiba. Kwa kawaida Ansible husimamisha kazi inapokuta nafasi isiyo na thamani. Thamani ya akiba huuondoa ulinzi huo, na kosa hupita kimyakimya.

Kwa hiyo, taasisi za umma zinapoagiza mifumo hiyo zinapaswa kudai mambo mawili: mkoa utambulishwe kwa msimbo unaoonyesha mwaka wa mgawanyo, wala si kwa jina pekee, na thamani ya akiba isiruhusiwe katika taarifa za kiutawala. Afadhali seva igome kuliko kutoa jibu la mkoa usiokuwapo tena.