Bereti na Kilemba cha Ukoka

Nembo ni kama ubeti: maneno yake machache, na uzito wake hautoki katika urembo peke yake. Kwa hiyo twaweza kuihakiki kofia ya askari kama tulihakikivyo shairi, tukiuliza ilizaliwa na kazi gani, na nani aliyeipa maana.

Tuitazame bereti, ambayo katika nchi nyingi ni alama ya vikosi teule. Asili yake si ya fahari. Ilikuwa kofia ya sufu ya wachungaji wa milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Mwishoni mwa karne ya 19 askari wa milimani wa Ufaransa waliitwaa. Mwaka 1924 Uingereza iliwapa askari wake wa vifaru bereti nyeusi, kwa kuwa haikuwa na ukingo wa kuwasumbua ndani ya kifaru, na weusi wake ulificha madoa ya mafuta. Hapo aliyechagua ni kazi.

Mwaka 1942 askari wa miavuli wa Uingereza walipewa bereti ya rangi ya damu ya mzee. Nembo yao, iliyochorwa na Edward Seago, ilimwonyesha Bellerophon, shujaa wa ngano za Kiyunani, amempanda farasi mwenye mabawa. Twausifu mchoro huo, maana wausema wajibu wa askari ashukaye kutoka angani. Hata hivyo, heshima yake ilitimizwa na walioruka vitani, si na mchoraji.

Ushahidi zaidi twaupata katika kikosi cha SAS, alichokianzisha David Stirling huko Misri mwaka 1941. Bereti yao ya kwanza ilikuwa nyeupe. Askari wengine waliidhihaki hata ikaachwa, ikafuatwa baadaye na ile ya rangi ya mchanga. Beji yao ilikusudiwa kuwa upanga wenye ndimi za moto, lakini watu waliona jambia lenye mabawa, na hivyo ndivyo ijulikanavyo.

Kinyume chake ni Marekani. Mwaka 2001 bereti nyeusi, iliyokuwa ya kikosi cha Rangers, ilitolewa kwa jeshi zima la nchi kavu. Kusudi lilikuwa umoja, nalo ni jema. Lakini Rangers wa zamani walilalamika, kikosi chao kikahamia rangi nyingine, na mwaka 2011 kofia ya kawaida ikarudishwa kwa kazi za kila siku. Heshima iliyogawiwa kwa amri haikudumu. Ilikuwa kilemba cha ukoka.

Nasi tuna la kujifunza. Tarbushi waliyoivaa wazee wetu katika Keya ilikuwa vazi la dola ya Waturuki, nayo ilifika huku kwa njia ya Misri na Sudani. Wao hawakuichagua, wala hawakuulizwa. Basi mwanafunzi atakiwaye kubuni nembo ya shule yake asikimbilie simba na ngao kwa kuwa vyapendeza. Kwanza aulize: sisi hapa twafanya kazi gani? Jibu hilo ndilo litakaloishika kalamu.