Nani Anahukumiwa Tunaposoma?

Mwaka 1782 Choderlos de Laclos, afisa wa mizinga katika jeshi la Ufaransa, alitoa riwaya ya barua 175 iitwayo Les Liaisons dangereuses. Wakuu wawili, Bwana Valmont na Bibi Merteuil, wanachezea roho za watu kama kete za bao. Wanampotosha binti aliyetoka karibuni kwa watawa, kisha mke mcha Mungu, Bibi Tourvel, ambaye anakufa katika majuto. Kitabu kilinunuliwa upesi, na upesi vilevile kikalaumiwa.

Mwaka uleule Bibi Riccoboni, naye mwandishi wa riwaya, alimwandikia Laclos. Alikubali kwamba ana kipaji. Kilichomwudhi ni Bibi Merteuil: mwanamke mwovu kiasi hicho atawafanya wageni wawadhanie vibaya wanawake wote wa Ufaransa. Laclos alijibu kwa heshima, wakaandikiana mara kadhaa. Bibi huyu tunamwelewa. Hata kwetu, jambo baya likitokea usharikani, swali la kwanza mara nyingi si nani ameumizwa, bali watu wa nje watasemaje.

Miaka 75 baadaye, mwendesha mashtaka Ernest Pinard alisimama mahakamani Paris dhidi ya Gustave Flaubert kwa sababu ya Madame Bovary, habari za Emma, mke wa tabibu wa mashambani, anayezini, anayezama katika madeni na kujiua kwa sumu. Shtaka lilikuwa kuyaudhi maadili ya watu na dini. Pinard alichukizwa na picha za tamaa, na pia na tukio la mpako wa mwisho, ambamo mambo matakatifu yamechanganyika na kumbukumbu za mwili. Tena alisema, ndani ya kitabu hamna hata mtu mmoja awezaye kumhukumu Emma. Wakili Sénard alijibu kwamba msomaji atauchukia uovu kwa kuuona mwisho wake. Tarehe 7 Februari 1857 mahakama ilimwachia Flaubert, ingawa ilimkemea. Kitabu kikauzwa sana.

Tusimcheke Pinard. Flaubert mwenyewe anaonyesha kwamba Emma aliharibiwa kwa sehemu na riwaya za mapenzi alizosoma kwa siri akiwa shule ya watawa. Kusoma kunaweza kudhuru. Lakini hofu ya mahakama ile ilikuwa juu ya binti na mke watakaokifungua kitabu. Sisi tunaofundisha katika chuo cha theolojia tunauliza: je, mtu aliyevaa joho akikifungua?

Kuna sura moja ambayo kila mchungaji angepaswa kuisoma. Kabla hajazini na mtu yeyote, Emma anaisikia kengele ya kanisa na kwenda kutafuta msaada kwa padre Bournisien. Anamwambia kwamba anateseka. Padre analaumu joto, anasimulia habari za ng'ombe aliyevimba, anawakemea watoto wa mafundisho wanaopiga kelele, kisha anadhani ni tumbo na kumshauri akanywe chai. Anarudi kwa watoto wake. Emma anarudi nyumbani vilevile alivyokuja.

Tulipoisoma na wanafunzi wetu katika tafsiri ya Kiingereza, darasa zima lilicheka. Nasi tulicheka, kisha tukanyamaza. Tulimkumbuka mama mmoja, miaka tulipokuwa usharikani, aliyetusubiri mlangoni baada ya ibada. Nje mnada wa sadaka za mavuno ulikuwa umeanza, na wazee walikuwa wanatuita. Alisema halali usiku. Tukamwambia aende zahanati akapime presha. Hakurudi tena. Mara nyingine jina lake lilipotajwa mbele yetu, ilikuwa kwenye baraza la wazee, tukijadili kumtenga na Meza ya Bwana. Tulikuwa na maneno mengi siku ile. Muda ulikuwepo.

Daudi naye alikuwa msomaji wa namna hii. Nathani alipomsimulia habari za maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake, mfalme aliwaka hasira juu ya mtu wa kwenye hadithi, mpaka alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Hasira ya Bibi Riccoboni na ya Pinard haikuwa ya bure, lakini iliishia kwa watu wa kitabuni. Hapo ndipo msomaji mwema anapojificha.

Hatusemi riwaya hizi ni Injili. Laclos anammalizia Bibi Merteuil kwa ndui: anapoteza jicho, anakimbilia Uholanzi, na watu wanasema sasa roho yake imeonekana usoni. Ni adhabu isiyo na msamaha, na sisi tumesikia maneno ya aina hiyo yakisemwa makanisani juu ya wagonjwa. Luther alifundisha kwamba sheria humwonyesha mtu dhambi yake, kama kioo. Kioo kinaonyesha doa, hakiliondoi. Kuliondoa ni kazi ya Kristo, na ametuweka mlangoni tulitangaze hilo kwa anayekuja akiwa hajui aanzie wapi kusema.

Basi, mtumishi mwenzetu, ukisoma habari za Emma, mwache kidogo. Mtazame padre. Na Jumapili ijayo, mtu akikusubiri mlangoni, mnada nao usubiri.