Mistari Minne, Njia Moja

Seva ya lango ilionyesha mistari minne, yote hai. Meneja wa ofisi ile, hapa Engutoto upande wa Njiro, Arusha, alikuwa ameshawatangazia wakubwa wake kwamba sasa ana njia nne za kufika kwenye kompyuta kuu. Alikuwa nayo moja. Mistari ile niliiweka mimi, kwa hiyo lawama naibeba mwenyewe.

Ilikuwa kabla ya 2009, mkongo wa bahari haujafika Dar es Salaam, na mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti. Kompyuta kuu yenyewe ilikuwa Ulaya, ikizungumza lugha ya SNA ambayo IBM iliitangaza mwaka 1974. Kompyuta za mezani hazikuijua lugha hiyo, ndiyo maana kukawa na seva ya lango katikati: inasikiliza wafanyakazi upande huu na kuongea SNA upande ule.

Kila skrini inayofunguliwa hushika nafasi moja iitwayo LU, na kundi la LU hukaa chini ya PU, ambayo kompyuta kuu huiona kama kifaa kimoja. PU moja haivuki LU 254. Ofisi kubwa hulazimika kuongeza miunganisho kwa sababu ya hesabu hiyo. Yetu ilikuwa na skrini hamsini hivi. Tuliongeza kwa hofu tu, ili mmoja ukifa mingine ibaki.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Nilinakili muunganisho wa kwanza mara tatu, nikabadilisha majina, nikawasha. Wa kwanza ukapanda. Mitatu ikabaki inasubiri hadi jioni. Seva inapopiga hodi hutuma XID, yaani kitambulisho chake: tarakimu tatu za kundi, kwa programu yetu 05D, kisha tano za kuitofautisha na wenzake. Kompyuta kuu huitafuta namba hiyo kwenye orodha ya PU zilizoandikwa huko. Mimi nilipiga hodi mara nne kwa jina lilelile, na mwenye jina hilo alikuwa ameshaingia ndani! Ikabidi wenzetu wa Ulaya waandike PU nne kwenye orodha yao nami niweke namba nne zinazolingana, tarakimu kwa tarakimu. Kazi hii haifanywi na upande mmoja. Siku nzima nilikuwa nachokonoa seva huku tatizo liko kwenye orodha ambayo sikuwa na ruhusa hata ya kuiona.

La pili lilihusu kadi ya mtandao. Muunganisho wa aina hii hutambuliwa kwa vitu vinne: anwani ya kadi ya hapa na ya kule, na namba ya mlango ya hapa na ya kule, inayoitwa SAP. Kama kadi ni moja na kompyuta kuu ni ileile, kinachobaki cha kutofautisha ni SAP. Hiyo hupanda kwa nne, katika hesabu ya kumi na sita: 04, 08, 0C, 10. Nilizipanga hivyo, mistari yote ikapanda.

Bado palikuwa na setilaiti. Iko juu kilomita 36,000 hivi, kwa hiyo swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga peke yake, kabla ya foleni yoyote. Itifaki ya chini iliyobeba SNA yetu ilizaliwa kwenye waya za ndani ya jengo na haina subira hiyo. Ikikosa jibu hurudia, ikichoka hukata. Dawa yake ilikuwa DLSw. Ruta ya hapa huijibu seva palepale, kama karani anayepokea barua mlangoni, kisha husafirisha mzigo ndani ya TCP hadi ruta ya kule. Seva haijui kama kuna anga katikati.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Wiki chache baadaye umeme ulikatika mchana. Seva ilikuwa na betri yake; ruta ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani, pamoja na birika la chai. Mistari minne ikazimika kwa pamoja. PU nne, SAP nne, lakini kadi moja, ruta moja, dishi moja.

Tulijenga upya kwa kuanzia nje. Ruta ya pili ililetwa, ikaunganishwa kwenye laini ya kukodi, na seva ikaongezewa kadi ya pili. Miunganisho miwili ikapita huku, miwili kule. LU zote tuliziweka kwenye kapu moja ili skrini zigawanywe kwa zamu pande zote mbili. Njia moja ikifa, waliokuwa juu yake hutupwa nje, kwa kuwa kikao hakihami. Wakiingia tena hupewa LU ya upande ulio hai. Nusu ya ofisi hulalamika kwa dakika mbili, nusu nyingine haina habari.

Niliyakumbuka haya Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya bahari ya SEACOM na EASSy ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo miwili yenye wamiliki tofauti, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Kwetu Arusha mkongo wa taifa unatoka pia Namanga kuingia Kenya, na Mombasa kuna mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah, ila hilo humsaidia tu mteja ambaye mtoa huduma wake amenunua nafasi huko.

Baada ya hapo mteja mwingine, mwenye mikataba na watoa huduma wawili, aliniuliza kama yuko salama. Sikufungua kompyuta. Tulitoka nje tukafuata nyaya kwa miguu, moja kutoka kila ruta, tukapita uzio, tukavuka mtaro. Zote mbili ziliingia chini ya mfuniko mmoja wa zege kando ya barabara, na mfuniko ulikuwa umepasuka.