Wanandoa Wawili, Maamuzi ya Wangapi?

Tuseme una watoto wawili na mumeo anataka wa tatu. Nani anaamua? Mwaka 2000 mwanademografia Peter McDonald alitoa nadharia ambayo bado tunafundishwa darasani. Kwa ufupi: uzazi hushuka mwanamke anapopata sauti ndani ya familia. Halafu hushuka kupita kiasi pale anapolingana na mwanamume shuleni na kazini, huku kazi za nyumbani zikibaki zake peke yake. Ukitazama Italia au Japani, unamwelewa.

Sasa ilete Madimba, Mtwara Vijijini. Hapa ndo naanza kubishana naye. Kwake wanaoamua ni wawili tu. Lakini kwa mila ya Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, mume alihamia ukweni, na mjomba alikuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Uislamu wa pwani, unaofuata nasaba ya baba, umechanganyika na mila hiyo. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na nguvu isiyotoka kwa mumewe, na pia akabanwa na mtu ambaye si mumewe.

Vipimo vyetu navyo havilioni hili. Utafiti wa kitaifa wa TDHS unaonesha wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka kutoka 5.2 (2015-16) hadi 4.8 (2022). Kupima sauti ya mke, unauliza nani huamua mambo matatu: matibabu yake, manunuzi makubwa, na kutembelea ndugu zake. Akijibu "pamoja na mume wangu", anahesabiwa ana sauti. Ila hiyo "pamoja" ni ipi? Mlikaa mkajadili, au alisema ukaitikia?

Usidhani huu ni ubishi wa wasomi tu. Fikiria mama anayechoma sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu kwa siri, kadi ikifichwa kwa mama yake mzazi. Kwenye takwimu ni mafanikio. Nyumbani kwake hakuna usawa wowote. Kuna mwanamke mwenye ndugu wa kumsitiri. Asiye na ndugu hao je?

Nadharia ya McDonald tusiitupe. Ila ukiona uzazi umeshuka, usikimbilie kusema wanandoa sasa wako sawa. Uliza kwanza: nani mwingine yumo kwenye uamuzi huo?